Wanafunzi Wenzetu wa Zamani: Tuitane kwa Majina, Tusiitane kwa Vyeo

Ndugu Wanachama,

Kuna jambo ambalo wengi wetu tulio baina ya miaka 40 na 55 tumekuwa tukilizungumza barazani na kando ya meza za ofisi, lakini sijaona aliyelitia katika karatasi. Jambo lenyewe ni hili la kukutana tena na watu tuliosoma nao chuo kimoja, darasa moja, baada ya kupita miaka 20 au 30. Mikutano ya namna hiyo twaisikia sasa hapa na pale katika kisiwa chetu, nami nasema ni jambo jema, tena la lazima. Lakini nasema pia ya kuwa, kwa namna tunavyoifanya, mikutano hiyo huwafukuza wale wale ambao kwa haki ndio tungepaswa kuwatafuta kwanza. Maneno yangu yote yatakuwa juu ya hilo.

Kwanza natutazame sisi ni watu gani. Kwa muda mrefu kijana wa Pemba aliyetaka kuwa mwalimu au fundi mwenye cheti hakuwa na njia ila kuvuka bahari kwenda Unguja. Wengi wetu tulipita Beit-el-Ras, penye Chuo cha Ualimu cha Nkrumah, ambacho sasa kimeingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wengine walipita Chuo cha Ufundi cha Karume kule Mbweni. Huko tulilala dakhalia moja, tukapanga foleni moja ya chakula, tukaazimana daftari na viatu, na aliyepokea kifurushi kutoka kwao hakukila peke yake. Mtoto wa sheha na mtoto wa mchukuzi wa bandarini waliitwa katika rejista moja, kwa mpango wa herufi za majina yao, wala rejista haikuuliza baba wa huyu ana mikarafuu mingapi.

Kisha zikaja barua za kazi, nazo zilitutawanya kama upepo utawanyavyo makumbi. Huyu alipelekwa Micheweni, yule Kengeja, mwingine Kojani ambako lazima avuke kwa chombo. Leo, baada ya miaka hiyo yote, mmoja ni Afisa Mdhamini wa wizara yake, mwingine ni mwalimu mkuu, na mwingine yu katika darasa lile lile la kwanza alilopewa, na chaki ile ile mkononi. Yupo aliyeacha kazi ya serikali akawa mchuuzi wa samaki Wete. Yupo aliyekwenda Maskati. Yupo aliyeachishwa kazi, na sababu yake haisemwi mbele za watu. Yupo mgonjwa ambaye mwaka wa tatu huu hatoki nje ya ua wake. Wote hao ni darasa moja.

Hapa kwetu neno chuo lina maana mbili. Kabla ya chuo cha serikali, kila mmoja wetu alikwenda chuoni kusoma Kurani, akakaa juu ya mkeka. Juu ya mkeka ule hapakuwa na kiti cha mkubwa wala cha mdogo. Aliyetangulia katika juzuu ndiye aliyetangulia, hata akiwa mtoto wa maskini. Na mwalimu alipoita, aliita jina tu. Mambo hayo twayajua sote, wala si haja ya kuyaeleza sana. Nayataja kwa sababu yanatuonyesha ya kuwa kukaa sawa si jambo geni tunalohitaji kufundishwa. Tulilijua tungali watoto, tukalisahau tulipopata mihuri.

Sasa tutazame jinsi mikutano inavyofanywa. Huundwa kamati. Kamati hupanga mchango, na mchango hupangwa kwa kipimo cha wale walio katika kamati, ambao kwa kawaida ndio wenye mishahara mizuri. Kisha huchaguliwa kitambaa cha sare. Kisha hutafutwa ukumbi, na ndani ya ukumbi huwekwa meza kuu, na mbele ya meza kuu huwekwa mgeni rasmi. Watu husimama mmoja mmoja kujitambulisha, na kujitambulisha kwenyewe ni kutaja cheo, ofisi, na idadi ya watoto waliofika Chuo Kikuu. Mwisho hupigwa picha, na picha hupelekwa katika kundi la simu, ili na wale ambao hawakuja waone.

Nawauliza, mtu ambaye mshahara wake humalizikia dukani kabla ya tarehe 15 ataingiaje hapo? Atasema ana udhuru. Atasema mtoto anaumwa, au zamu ya kazi imemwangukia, au shamba halina mtu. Wenzake watasema, "Fulani siku hizi anaringa, hataki watu." La hasha, haringi. Anaona haya. Na haya ya mtu mzima ni nzito kuliko ya mtoto, kwa kuwa mtoto hulia akapoa, lakini mtu mzima huificha ndani ya maneno ya adabu, akakaa nayo hata akazeeka. Hivyo mkutano uliotengenezwa kuwaunganisha watu humwonyesha mmoja wao umbali aliotupwa. Na tunaporudi majumbani tumeshiba, hatujui ya kuwa tumemwumiza.

Wengine husema, "Mbona haraka? Tungoje tustaafu, hapo tutakuwa na nafasi." Kwa watumishi wa Serikali ya Zanzibar umri wa lazima wa kustaafu ni miaka 60. Aliyefika huko ameshapokea kiinua mgongo au yuko mbioni kukifuatilia. Yaliyoharibika katika kazi yake hayatengenezeki tena, na yaliyotengenea hayahitaji shauri. Lakini mtu wa miaka 48 angali na kazi ya miaka 12 mbele yake. Watoto wake wangali skuli. Wazazi wake, kama wako hai, wameanza kumhitaji. Maradhi ya sukari na ya shindikizo la damu yameanza kumpigia hodi. Huu ndio wakati ambao mtu huhitaji mwenzi wa kumwuliza, nao ndio wakati ambao hana wa kumwuliza; walio chini yake kazini humwogopa, walio juu yake huwaogopa yeye, na nyumbani hutazamwa kama mtu anayejua kila jambo. Nani amwambie ukweli ila yule aliyemwona akishindwa hesabu ubaoni, naye akamwona vivyo hivyo? Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Tukingoja miaka 60, tutaufinyanga ukiwa mkavu.

Tena kuna sababu nyingine ya kutongoja, nayo sote twaijua kwa uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli Spice Islander I, iliyotoka Unguja kuja Pemba na watu wengi kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi. Maiti zilizopatikana zilizidi 200, na waliopotea wasionekane walikuwa wengi kuliko hao. Hapana wilaya ya kisiwa hiki ambayo haikulia. Wengi wetu tulipokutana siku zile katika maziko na hitima, tuliwaona wanafunzi wenzetu ambao hatukuwaona tangu siku ya kupokea vyeti. Tulishikana mikono, tukasema, "Tusikae hivi tena, tutafutane." Kisha kila mtu akapanda gari akarudi kwao, na miaka ikapita. Hivyo kwa wengi wetu mikutano ya darasa iko tayari, tena hufanywa kila mwaka. Tofauti yake ni kuwa anayetukusanya ni maiti, naye hawezi kuzungumza nasi. Si afadhali tumwendee mtu angali anaweza kuitika?

Najua zipo hoja za kupinga, wala sipendi kuzipita kimya, maana baadhi yake zina uzito.

Hoja ya kwanza ni ya upendeleo. Watu husema: mkiwakusanya waliosoma pamoja, mmoja ni mkuu wa ofisi na mwingine anatafuta uhamisho, hamtakuwa mmefungua mlango wa kujuana? Hoja hii ni ya kweli, na sisi watumishi wa umma yatupasa tuiogope. Mwananchi anayekuja kaunta na karatasi yake hakusoma na mtu yeyote. Asiwe wa mwisho kwa sababu hiyo. Lakini dawa yake si kukimbiana. Anayetaka kupendelea hahitaji mkutano. Atapendelea kwa simu, usiku, bila ya shahidi. Mkutano wa wazi wa darasa zima waweza kuwa kinga, kwa kuwa mbele ya watu 40 waliokujua tangu ujana ni vigumu kujitia usichokuwa, na mmoja wao ataweza kukwambia, "Ndugu, tumesikia habari za ofisi yako, nazo si nzuri." Maneno hayo karani wako hatayasema maisha.

Tukumbuke pia jinsi chama cha namna ya hiki chetu kilivyoanza upande wa bara. Mwaka 1922, mjini Tanga, Bwana Martin Kayamba, ambaye alisoma katika skuli ya misheni ya Kiungani hapo Unguja, aliungana na makarani na walimu wenzake Waafrika, wakaunda chama cha watumishi wa serikali wa Tanganyika. Makarani wa zama zile hawakutoka mlango mmoja. Wengine walisomeshwa na misheni, wengine katika skuli ya serikali ya Tanga iliyoanzishwa na Wajerumani. Walikuwamo Wakristo, walikuwamo Waislamu. Ingekuwa rahisi kila kundi kukaa na wenzao wa skuli yao, wakanong'ona habari za kundi la pili. Hawakufanya hivyo. Ninavyoona mimi, hilo ndilo funzo lake kwetu: urafiki wa skuli ni mzuri pale unapokuwa mlango wa kutokea kwenda kwa wengine, nao ni mbaya pale unapokuwa ua wa kujifungia. Darasa likigeuka kuwa kabila, afadhali lisikutane.

Hoja ya pili ni ya siasa. Husemwa ya kuwa hapa Pemba huwezi kuwaweka watu 40 katika chumba kimoja bila ya mmoja kuuliza mwingine ni wa upande gani. Haya nayo yana mizizi. Wazee wetu walituhadithia zama za siasa, tangu uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957 hata Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, jinsi watu walivyosusiana maduka, harusi, hata maziko. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, tuliyaona sisi wenyewe kwa macho yetu: watu waliokula sahani moja dakhalia walipishana njiani bila ya salamu. Tarehe 31 Julai, 2010, Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakaikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Kura ile ilikuwa juu ya serikali. Umoja wa watu wawili waliosusiana hauwezi kupigiwa kura. Lazima mmoja ainuke, aende, agonge mlango. Na kama kuna mlango ambao mtu anaweza kuugonga bila ya kutaja chama, ni mlango wa aliyesoma naye. Atasema tu, "Nimepita kukutazama, tulikuwa benchi moja."

Hoja ya tatu ni ya wale wanaosema ya kuwa haya ni mambo ya kupoteza wakati. Kwa hao sina jibu refu. Mtu aliye na wakati wa kukaa barazani kila usiku kuzungumza habari za watu asiowajua anao wakati wa kukaa siku moja kwa mwaka na watu anaowajua.

Basi, isiwe nimelaumu bila ya kujenga, naomba kuweka mbele yenu mashauri matano.

Shauri la kwanza ni rejista. Kila darasa liandike orodha ya majina kama yalivyokuwa siku ya kwanza ya chuo, kwa mpango ule ule wa herufi, bila ya Mheshimiwa, bila ya Mkurugenzi, bila ya Daktari. Mkutano ufunguliwe kwa kuitwa rejista hiyo, na kila mtu ajibu, "Nipo." Likitajwa jina la asiyekuja, mkutano usiendelee mpaka mtu mmoja aseme yuko wapi na hali yake ni nini. Kama hapana anayejua, jina hilo lipewe mtu wa kulitafuta. Likitajwa jina la marehemu, watu wamwombee dua. Naamini rejista hiyo itatufundisha zaidi kuliko hotuba ya mgeni rasmi yeyote.

Shauri la pili ni la gharama. Pasiwe na kiingilio wala sare. Chai ya birika na mihogo ya nazi yatosha. Tulikula duni kuliko hiyo tukafaulu mitihani. Mwenye uwezo na atake kutoa zaidi, atoe kwa siri kwa mtunza fedha, na jina lake lisisomwe. Wahenga wetu waliwaambia wageni ya kuwa Pemba peremba, ukija na joho utarudi na kilemba. Kwa mkutano huu nasema joho liachwe nyumbani tangu mwanzo, lisije likamtisha mwenye kanzu iliyochakaa.

Shauri la tatu ni la mahali na saa. Chake Chake iko katikati ya kisiwa, na gari za Wete, Konde na Mkoani zote hufika hapo. Isichaguliwe siku ya msimu wa karafuu, kwani wakati huo hata mwalimu mkuu yuko shambani. Wala isichaguliwe saa ya usiku. Wengi waliosoma nasi ni wanawake, ambao leo ni walimu, wauguzi na makarani. Baraza zetu za baada ya Isha hazina nafasi yao, kisha twasema ati hawapendi kushiriki. Wekeni Jumamosi asubuhi, mahali penye stara, na watoto wadogo waruhusiwe, mtaona watakavyokuja.

Shauri la nne ni la mdomo. Iwe sharti la mkutano ya kuwa hapana anayeleta faili la ofisi, wala ombi la uhamisho, wala habari za chama cha siasa. Mwenye haja ya ofisi aende ofisini saa za kazi kama wananchi wengine. Sharti hili likivunjwa mara moja likanyamaziwa, basi hoja ya upendeleo niliyoitaja juu itakuwa imeshinda.

Shauri la tano, nalo ndilo kubwa kwangu, ni kuwaendea wasiokuja. Siku ya pili yake, watu wawili watatu waende kwa yule mgonjwa asiyetoka nje, na kwa yule aliyeachishwa kazi, na kwa yule mchuuzi wa samaki. Wasiende na kamera. Wasiende na bahasha ya kupokewa mbele ya majirani. Waende kama walivyokuwa wakienda kumwita rafiki yao wakati wa likizo, wabishe hodi, wakae, wazungumze, na kama kuna shida wataiona wenyewe. Walio Maskati, Dubai au Uingereza waandikiwe barua au wapigiwe simu, nao pia waambiwe ya kuwa twawataka wao kabla ya msaada wao. Maana wengine wao wamechoka kukumbukwa kila pakihitajika bati la kuezekea.

Ndugu Wanachama, mshahara una daraja, na ofisi ina ngazi. Bila ya hayo kazi ya serikali haiendi, wala siyapingi. Lakini kila daraja tulilopewa kuna siku litaondolewa, kwa kustaafu au kwa mauti, na siku hiyo aliyekuwa Afisa Mdhamini na aliyekuwa tarishi wataitwa kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Mabwana na mabibi tuliosoma pamoja ndio watu waliotujua kabla ya daraja, nao ndio watakaotujua baada yake. Katika madarasa yetu kuna majina ambayo kwa muda wa miaka 20 hayakuitwa na mtu. Kazi ya kuyaita si ya kamati wala si ya serikali. Ni ya mimi nawe. Basi kila asomaye maneno haya atafute rejista yake, aanze na jina la chini kabisa.

Wassalaam.

Mwanachama mwenzenu,
Chake Chake, Pemba